Silabi Tatu za Wilfred

Asubuhi ya Jumatatu, wiki ya tisa tangu kiharusi kimwangushe mumewe jikoni na kikombe cha chai mkononi, Blanche Tunnicliffe aligundua kwamba kuna mwanamke mwingine. Hakumwona. Hakuambiwa na mtu. Alimhesabu.

Walikuwa watatu katika chumba cha mazoezi cha hospitali: Blanche, Wilfred kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazimwa, na Sumaira, binti wa wahamiaji aliyezaliwa mji wa jirani wa Hanley, mtaalamu wa kuwarudishia usemi watu walioporwa maneno. Wilfred alikuwa ameporwa yote ila moja, nalo lilikuwa tusi. Ukimletea uji, "Shenzi!" Ukimfunika shuka, "Shenzi!" Mchungaji wa kanisa lao alipokuja kumwombea, Wilfred alisubiri mpaka amina ndipo akaitikia, kwa upole kabisa, "Shenzi." Blanche alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tusi halitoki pale maneno yanapotoka," Sumaira alimweleza. "Linatoka kichochoroni, pamoja na nyimbo. Ndiyo maana tunamwimbisha."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sumaira alimshika Wilfred mkono wa kushoto, mzima, akawa anaugonga taratibu mezani huku akivumisha neno kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Gonga moja kwa kila silabi. Wil-fred, gonga mbili. Wa-ter, gonga mbili. Siku baada ya siku, gonga na mvumo, ili neno lipate njia nyingine ya kutokea.

Na ili Blanche aweze kuendeleza kazi hiyo nyumbani, ilibidi naye afundishwe kuhesabu.

"Weka mkono chini ya kidevu, mama," Sumaira alimwambia siku ya kwanza. "Sema jina lako. Kidevu kikikusukuma mkono mara moja, basi ni silabi moja."

"Blanche." Kidevu kilishuka mara moja. Akarudia. Mara moja tu. "Herufi saba!" aling'aka. "Miaka yote hii naandika herufi saba, kumbe mdundo mmoja?"

"Silabi za Kiingereza hazihesabiwi kwa macho. Macho ni waongo. Chukua strength. Herufi nane zimebanana mlangoni, mdundo mmoja. Halafu chukua area. Herufi nne tu, hizo hapo, midundo mitatu."

"Lugha ya wendawazimu hii."

"Ya kwenu hiyo, mama. Sisi tulikaribishwa tu."

"Wewe umezaliwa Hanley!"

"Basi tuibebe aibu pamoja."

Blanche alimpenda msichana yule kuanzia hapo. Akajifunza pia kwamba idadi peke yake haitoshi, kwamba katika kila neno la Kiingereza ipo silabi moja inayobeba wenzake mgongoni. Ba-NA-na: mzigo uko katikati. Sema BA-na-na, watu wakuulize umetoka sayari gani. Yeye alikuwa fundi wa kuzungusha mistari ya dhahabu kwenye vikombe kwa miaka thelathini na mmoja, brashi imetulia na kikombe kinazunguka, na mwili wake ulijua mambo ya mdundo kuliko ulivyojua Kiingereza chenyewe. Ndani ya basi la kurudi nyumbani Burslem alikuwa anahesabu majina ya maduka, mkono kidevuni, midomo ikicheza, hadi abiria wa kiti cha pili wakahamia cha nne.

Sasa Jumatatu ile Sumaira alikuwa anapanga picha zake, hajaanza kazi, Wilfred akainua mkono wa kushoto mwenyewe. Akagonga meza.

Kwa nguvu. Kisha taratibu. Kisha taratibu.

Na kooni ukatoka mvumo, juu, chini, chini.

Sumaira aliacha picha zikaanguka. "Mama! Umeona? Hakuna aliyemwambia!"

Blanche alishaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Ananiita, aliwaza. Mzee wangu ananiita. Akasogeza kiti. Wilfred akamtazama usoni, macho yake ya kijivu yamekaza, akagonga tena. Nguvu, taratibu, taratibu. Akarudia mara ya tatu, na jasho likamtoka.

Ndipo kicheko kilipomkauka Blanche mdomoni. Kwa sababu yeye ni mmoja. Ungemvuta, ungemnyonga, ungemwimba kwa kinanda cha kanisani, Blanche hatoi midundo mitatu.

"Ni jina," Sumaira alisema, furaha imemfumba macho. "Anamtaka mtu. Mnaye mtoto, mama? Dada? Nani ana silabi tatu?"

"Hatuna mtoto," alisema Blanche. "Dada yake ni Hilda. Mbili."

Akatoka nje kutafuta hewa. Na huko ukumbini, kabla hajajizuia, mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya kidevu, na kidevu kikausukuma. CYN. Thi. A.

*

Cynthia Bould alikuwa karani wa upande wa matanuri, kiwanda kile kile cha vyombo vya udongo ambako Wilfred alipakia na kupakua vyombo hadi kilipofungwa. Alikuwa na nyonga, alikuwa na kicheko, na kila Krismasi alituma kadi iliyoandikwa *Kwa Wilfred na Blanche*. Miaka hamsini Blanche alikuwa anaisimamisha kadi ile juu ya redio bila kujiuliza kwa nini Wilfred anatangulia.

Kwamba jambo hili lilitokea wiki hii ilikuwa kama kukomolewa. Ijumaa saa nne kulikuwa na kikao. Hospitali ilitaka kitanda chake. Ama Wilfred anarudi nyumbani, na Blanche anatia saini kwamba atamvisha, atamlisha, atamgeuza na kumfundisha kusema. Ama anapelekwa nyumba ya wazee kule Longton, na akishakwenda huko harudi, hilo kila mtu alilijua ingawa hakuna aliyelitamka. Kabla ya Jumatatu hapakuwa na swali. Blanche alishatoa kochi sebuleni, akaweka kitanda.

Jumanne alipiga simu.

"Cynthia, ni Blanche Tunnicliffe. Niambie ukweli na usinizungushe. Wewe na Wilfred wangu mlikuwa na nini?"

Kicheko kililipuka kwenye simu, cha bibi wa miaka sabini na tisa, chenye kikohozi ndani yake.

"Wilfred? Wilfred wa tanuri? Ee Mungu wangu. Blanche, nilimbusu mara moja, Krismasi ya mwaka sitini na sita, nimelewa, na aliyeomba radhi ni yeye!"

"Hucheki bure wewe."

"Nacheka kwa sababu ndiyo habari nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Nani kakwambia?"

"Anagonga jina lako mezani. Midundo mitatu. Wa kwanza mzito."

"Ala! Mwenye midundo mitatu ni mimi peke yangu? Dorothy wa kantini je? Beverley? Rosemary mwenye meno? Labda ana njaa tu, maskini, anaagiza chakula."

Blanche alikata simu. Lakini alikuwa amepigiliwa msumari: Dorothy. Beverley. Rosemary. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano, kwa mara ya kwanza katika wiki tisa, hakupanda basi la hospitali. Alikivua shuka kile kitanda cha sebuleni. Alizikunja, pembe kwa pembe. Halafu akapiga simu Longton, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mkaa kama chumba bado kipo.

Kipo, walimjibu. Kinatazama maegesho ya magari.

"Kinamfaa," alisema Blanche.

*

Alhamisi alikwenda kumwambia. Alivaa koti lake la kanisani. Sumaira alikuwemo chumbani, na Blanche hakumwomba atoke, alitaka shahidi. Akaketi mbele ya Wilfred, akauchukua ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza.

"Kesho unakwenda Longton," alisema. "Lakini kabla hujakwenda utaniambia ni nani. Nitataja, wewe utajibu kwa kichwa. Cynthia."

Wilfred alishtuka. Kisha nusu ya mdomo wake inayofanya kazi ikapanda juu. Alikuwa anacheka! Akatikisa kichwa.

"Usinicheke. Dorothy."

Hapana.

"Beverley. Rosemary. Marjorie wa duka la nyama. Gillian. Wilf, nina miaka sabini na mitano, usinifanye nimalize kitabu cha simu!"

"Shenzi," alisema Wilfred, na hakikuwa kicheko tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka upande mmoja. Alijinyakulia mkono wake akagonga meza mpaka glasi ya maji ikaruka: nguvu, taratibu, taratibu. Na mvumo. Safari hii midomo yake ilifungamana kabla ya sauti, ikabana, ikakataa kufunguka.

"Anaanza na M," Sumaira alinong'ona. "Mama, tazama midomo. Ni M."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Hilda, dada yake Wilfred, miaka themanini na mbili, na bakuli la chapati za unga wa oti zenye jibini, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba hospitali inapika. Alisimama pale pale. Aliutazama mkono wa kaka yake ukigonga. Aliitazama midomo. Blanche, aliyekuwa amegeuka kumsalimu, aliona rangi inamtoka wifi yake usoni kama maji yanavyotoka beseni.

"Wilf," alisema Hilda. "Acha. Si hapa. Tuliahidiana."

Blanche alikigeuza kiti kizima kumwelekea.

"Unamjua," alisema Blanche.

"Wifi, kaa chini."

"Nimekaa! Unamjua huyo mwanamke, umekula mezani kwangu kila Jumapili na unamjua. Jina lake nani?"

Hilda aliliweka bakuli kwenye dirisha. Alichelewa kulitua, akalisogeza, akalinyoosha, kama vile bakuli ndilo lililokuwa na shida.

"Miriam," alisema.

Blanche alilitafuta. Alilitafuta kiwandani, kanisani, mtaani, kwenye safari za pwani ya Blackpool. Hakuna. "Simjui Miriam yeyote. Miriam ni nani?"

"Ni mwanao."

Kuna mshtuko unaopiga kelele na kuna mshtuko unaozima taa. Huu ulizima. Blanche alimwona Sumaira akishika ukingo wa meza, akaona jibini linavyoganda juu ya chapati, akaona kila kitu kwa uwazi wa ajabu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na maana.

Februari ya mwaka sabini. Mimba ya miezi minane na nusu. Walimletea kitambaa cha kijani, wakakiinua mbele ya uso wake, na nyuma ya kitambaa miguu ya watu ikatoka chumbani kwa haraka. Hakusikia kilio, kwa sababu hakikuwepo. Muuguzi alimletea chai yenye sukari nyingi akasema, "Usitazame, mpenzi, ni vizuri usitazame. Nenda nyumbani, utapata mwingine." Hakupata mwingine. Hakuambiwa kama alikuwa wa kiume au wa kike. Aliuliza mara moja, wakamwambia asijisumbue. Wilfred alirudi siku ya tatu akasema, "Yote yameshughulikiwa." Wakaanza kuishi. Hivyo ndivyo ilivyofanywa enzi hizo, katika kila nyumba ya mtaa ule: ulikunywa chai yako ukanyamaza.

"Msichana?" Blanche aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"Msichana."

"Nilidhani walichoma," alisema. "Nilidhani walimchoma na takataka. Miaka arobaini na tisa nikiuona moshi wa bomba la hospitali, nageuza uso." Akamgeukia Hilda. "Wewe umemwona?"

"Sikumwona. Mie nilishona kofia. Daktari alimwambia Wilf, usimwambie mkeo, akijua alipo atakwenda kukaa huko na atarukwa na akili. Wilf akaniapisha. Alikwenda na mzika-maiti, yeye akiwa na kasanduku mapajani ndani ya gari. Karatasi ya serikali haikuwa na nafasi ya jina kwa waliozaliwa wamekufa. Kwa hiyo alimpa mwenyewe, njiani, kwa sauti. Mzika-maiti akavua kofia." Hilda alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na kila mwaka huenda."

"Huenda wapi? Hajapata kulala nje hata usiku mmoja."

"Februari. Anapokwambia anakwenda kwa kinyozi."

Blanche alikumbuka. Kila Februari. Na kila Februari alirudi na nywele zile zile, na yeye Blanche, mwenye macho ya kuuona mstari wa dhahabu uliopinda kwa unene wa unywele, alikuwa anasema, "Kinyozi gani huyo anakuibia hivi?"

Hakulia. Watu wa chumba kile walitarajia alie, na Sumaira alishafika karibu na kikaratasi cha kufutia machozi. Badala yake Blanche aliuchukua mkono wa Wilfred, akaugonga mezani. Mara tatu. Kwa nguvu, kwa nguvu, kwa nguvu.

"Mi! Ri! Am!" alisema. "Hivyo?"

Wilfred alitikisa kichwa. Sivyo. Akaugeuza mkono, sasa wake ukawa juu ya wa Blanche, akamwongoza: nguvu, taratibu, taratibu. Midomo ikafungamana. Ikabana. Sumaira alikuwa haoni haya kulia.

"Mi," alisema Wilfred. Sauti ilikuwa kama mlango wa banda uliokaa mwaka bila kufunguliwa. "Ri. Am."

Lilikuwa neno lake la pili tangu kiharusi. Mkono chini ya kidevu chake, kama angeuweka, Blanche angeukuta umesukumwa mara tatu. Lakini hapakuwa na haja.

"Nikusamehe?" alimuuliza. "Unataka nikusamehe, ndiyo maana unagonga?"

Wilfred hakutikisa kichwa wala hakuinamisha. Alimtazama tu, akalisema tena jina, kwa kuwa ndilo aliloweza.

"Sikusamehi," alisema Blanche. "Sijui. Sijui hata nianzie wapi." Akasimama, akachukua koti, akamwacha kila mtu chumbani, akaenda nyumbani kwa miguu, maili mbili na nusu, mvua inanyesha.

*

Ijumaa saa nne kamili alikuwa mlangoni kwa kikao. Macho yalikuwa yamemvimba. Afisa wa ustawi, kijana mwenye tai fupi, alikuwa ameshaambiwa na Longton kwamba chumba kimeulizwa, na alikuwa ametoa fomu ya Longton akaiweka juu.

"Toa hiyo," alisema Blanche. "Anarudi nyumbani."

"Bibi Tunnicliffe, jana nilielewa kwamba—"

"Jana ulielewa sawasawa. Leo elewa tena. Nina ugomvi wa miaka arobaini na tisa na mwanaume huyu, ndio kwanza nimeuanza, na huko Longton saa za kutembelea wagonjwa zinaisha saa kumi jioni. Hazinitoshi. Lete ya kwangu nitie saini."

Kijana aliitafuta fomu. Hilda, pembeni, alitazama sakafu. Wilfred alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri hukumu isomwe mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuisikia vizuri.

Blanche alitia saini. Herufi saba, kisha zile nyingine.

"Mama," Sumaira alisema kwa uangalifu, "makaburi yana vitabu. Kila aliyezikwa ameandikwa, hata kwenye kaburi la pamoja. Nikikuandikia barua watakutafutia namba ya shimo. Haichukui hata wiki."

"Sitaki kitabu kinionyeshe. Kitabu hakikumbeba mapajani." Akaifunga kalamu. "Anayejua ni yeye, na atanionyesha yeye. Kwa hiyo nataka umfundishe maneno mapya, na uanze leo, kabla gari halijaja. Kulia. Kushoto. Nyoosha. Simama. Hapa."

Sumaira aliyapitisha kwa Kiingereza, right, left, straight, stop, here, midomo ikicheza bila sauti, kidole kikigonga paja.

"Yote ni silabi moja moja," alisema.

"Basi hana kisingizio," alisema Blanche, na akakivuta kiti karibu na meza.